Namba Inatoka kwa Nani? Historia ya Chati za Kufuatilia Miradi

Mwezi Oktoba 2010, Mkaguzi Mkuu wa Wizara ya Sheria ya Marekani alitoa taarifa kuhusu mradi mmoja wa FBI, shirika la upelelezi la nchi hiyo. Mradi uliitwa Sentinel, na lengo lake lilikuwa kuwatoa wapelelezi kwenye majalada ya karatasi na kuwahamishia katika mfumo wa kompyuta. Taarifa hiyo ilijaa namba, lakini kwa mjadala wetu zinatosha jozi mbili. Jozi ya kwanza ni ya fedha: kati ya dola milioni 451 zilizotengwa, takribani milioni 405 zilikwishatumika. Jozi ya pili ni ya kazi: kati ya fomu 18 ambazo kwa wakati ule mfumo ulipaswa kuwa unazishughulikia bila karatasi, 4 tu ndizo zilizokuwa zikitumika, na hata hizo zilikuwa na mapungufu.

Ofisa ambaye siku ile angepewa jukumu la kuchora chati ya maendeleo ya mradi angeweza kuchora chati mbili, na zote zingekuwa za kweli. Kwa data za mhasibu, mradi ulikuwa umefika asilimia 90. Kwa data za fomu, ulikuwa umefika asilimia 22. Hakuna aliyeghushi chochote. Kilichozitofautisha chati hizo ni mlango ambao namba ziliingilia.

Historia ya chati za miradi husimuliwa aghalabu kama historia ya michoro: nani alibuni mistari ya mlalo, nani akaleta mishale, nani akaleta mstari unaoshuka. Makala haya yanafuata uzi mwingine. Yanauliza namba zilitoka wapi, ziliandikwa na nani, na mwandishi huyo alikuwa na maslahi gani. Wahenga walisema mwamba ngoma huvutia kwake. Anayechagua chanzo cha data ndiye anayeamua mradi utaonekana umefika wapi. Kwa sababu hiyo, uchaguzi huo ni suala la kisiasa kabla haujawa suala la kiufundi.

Kutoka kiwandani hadi kwenye nyambizi

Mwaka 1896 mhandisi wa Kipolandi, Karol Adamiecki, alibuni mchoro aliouita harmonogramu, wa kupanga kazi za kiwandani zisigongane. Miaka michache baadaye, na bila uhusiano naye, Mmarekani Henry Gantt alianza kuchora mistari ya mlalo iliyoweka kazi iliyopangwa kando ya kazi iliyofanyika, siku kwa siku. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, michoro yake ilitumika katika utengenezaji wa silaha na meli za Marekani. Baada ya kifo chake mwaka 1919, mwenzake Wallace Clark alichapisha kitabu mwaka 1922 kilichoieneza chati ya Gantt katika nchi nyingi.

Katika kiwanda, chanzo cha data hakikuleta ubishi mkubwa. Msimamizi alihesabu vyuma vilivyotoka kwenye mashine. Chuma kilikuwepo au hakikuwepo. Mtu aliyetilia shaka daftari la msimamizi angeweza kutembea hadi ghalani akahesabu mwenyewe. Chati ya Gantt iliaminika kwa sababu nyuma ya kila mstari kulikuwa na kitu kinachoshikika.

Mambo yalianza kubadilika miradi ilipokuwa mikubwa kiasi kwamba hakuna ghala la kwenda kuhesabu. Mwaka 1958 Jeshi la Majini la Marekani lilikuwa likiunda kombora la Polaris, la kurushwa kutoka kwenye nyambizi. Ofisi ya mradi, chini ya Admirali William Raborn, ilitangaza mbinu mpya ya kufuatilia kazi iliyojulikana kama PERT: mtandao wa matukio na mishale, ambapo kila kazi kati ya matukio ilikuwa na makadirio matatu ya muda, yaani muda wa matumaini, muda wa kawaida na muda wa mashaka. Julai 1960 kombora lilirushwa kutoka chini ya bahari, na sifa za PERT zikaenea dunia nzima.

Mwaka 1972 mwanazuoni Harvey Sapolsky alichapisha utafiti wake kuhusu mradi huo, na hitimisho lake liliwashangaza wengi. Alionyesha kwamba mchango mkubwa wa PERT haukuwa katika kuharakisha kombora. Ulikuwa katika kuwatuliza wakubwa. Wanasiasa na wakaguzi walipoona kuta zimejaa michoro, waliridhika kwamba mradi una usimamizi wa kisasa, wakawaacha wahandisi wafanye kazi. Data za PERT zilikuwa makadirio ya watu wale wale waliokuwa wakifuatiliwa. Hapa ndipo chati ilipoanza kuwa na kazi ya pili: mbali na kumwonyesha mtawala hali ilivyo, ikawa pia pazia la kumzuia asiingie jikoni.

Kazi isiyoonekana kwa macho

Tatizo lilizidi makali katika uundaji wa programu za kompyuta. Nyumba ikijengwa, mpita njia huona msingi, kuta na paa. Programu haina msingi wa kuonekana wala paa la kuonekana. Mtu pekee anayejua imefika wapi ni yule anayeiandika, na mara nyingi hata yeye hajui.

Fred Brooks, aliyesimamia uundaji wa mfumo mkubwa wa kompyuta wa IBM katika miaka ya 1960, aliligusa jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1975, The Mythical Man-Month. Aliona kwamba programu huripotiwa kuwa imekamilika kwa asilimia 90 katika nusu nzima ya muda wa kuiandika. Kila wiki jibu ni lile lile, kwamba imebaki kidogo. Brooks hakuwalaumu waandishi kwa kusema uongo. Alieleza kwamba ukimtaka mtu akadirie kitu kisicho na mipaka, atajidanganya mwenyewe kabla hajakudanganya wewe. Dawa aliyopendekeza ni kuweka alama za njiani zilizo bayana, ambazo mtu hawezi kuzibishania: imefika au haijafika.

Brooks alikosoa pia kipimo kilichotawala enzi hizo, cha mwezi wa kazi wa mtu mmoja. Ofisi zilihesabu miezi ya kazi iliyotumika na kudhani kwamba zimepima kazi iliyofanyika, ilhali muda uliotumika ni gharama. Mkulima aliyelima miezi mitatu hawezi kuipeleka miezi hiyo sokoni. Sokoni hupelekwa mahindi. Lakini masaa ni rahisi kukusanya, kwa sababu tayari yamo katika karatasi za mahudhurio na hati za mishahara. Hivyo ndivyo miradi mingi ilivyopata chanzo chake cha data: kwa sababu kilikuwa karibu, hata kama hakikuwa sahihi.

Mstari unaoshuka

Mwaka 1995 Ken Schwaber na Jeff Sutherland waliwasilisha hadharani utaratibu wao uitwao Scrum, wa kuunda programu kwa mizunguko mifupi. Mwezi Februari 2001, wao na wenzao, jumla watu 17, walikutana Snowbird katika jimbo la Utah, wakatoa ilani iliyoipa jina familia nzima ya mbinu hizi: ajaili, yaani wepesi. Miongoni mwa kanuni za ilani hiyo mna moja inayohusu mada yetu moja kwa moja. Inasema, kwa maana yake, kwamba kipimo kikuu cha maendeleo ni programu inayofanya kazi. Kwa sentensi moja, watu hao waliviondoa kwenye kiti cha enzi vyanzo vitatu vilivyozoeleka: fedha zilizotumika, masaa yaliyotumika, na nyaraka zilizoandikwa.

Karibu na wakati huo huo Schwaber alieneza chati ambayo leo inahusishwa sana na ajaili, chati ya kazi iliyobaki. Mhimili wa mlalo ni siku za mzunguko. Mhimili wa wima ni kazi iliyosalia. Mstari huanzia juu na kushuka kila siku, na ukigusa sifuri kazi imekwisha. Uzuri wa chati hii umo katika swali inaloliuliza. Chati za zamani ziliuliza tumefanya kiasi gani, swali ambalo kila mtu hupenda kulijibu. Chati hii iliuliza kimebaki nini, na swali hilo humlazimisha mtu aitazame kazi upya kila asubuhi.

Hata hivyo, swali la chanzo halikwisha. Mhimili wa wima ujazwe na nini? Timu za mwanzo zilitumia masaa yaliyobaki, kila mtu akikadiria yake kila siku. Faida yake ni kwamba ugumu uliojitokeza jana huonekana leo. Hasara yake ni ile ya Brooks: makadirio yanabaki kinywani mwa mtendaji. Timu nyingine zilitumia pointi, yaani uzito wa kukadiria unaopewa kila kipande cha kazi kikilinganishwa na kingine. Timu nyingine zilihesabu vipande vilivyokamilika tu, na kipande cha nusu kikahesabiwa sifuri. Njia hii ya mwisho huudhi, maana mstari hukaa bila kushuka siku kadhaa na kisha kuporomoka ghafla. Lakini ndiyo njia inayofanana zaidi na ghala la enzi za Gantt: kitu kipo au hakipo.

Kuna mtego mwingine ambao msomaji wa chati hana budi kuujua. Mstari wa kazi iliyobaki ukibaki pale pale wiki nzima, sababu yaweza kuwa timu imelala, au timu imefanya kazi kwa bidii na bosi ameongeza kazi nyingine kwa kiasi kile kile. Chati yenye mstari mmoja haiwezi kutofautisha mambo hayo mawili. Kwa sababu hiyo wengi walihamia kwenye chati yenye mistari miwili: mmoja wa kazi iliyokamilika unaopanda, mwingine wa jumla ya kazi inayotakiwa. Mstari wa pili humweka bosi naye kwenye mizani. Si ajabu kwamba katika ofisi nyingi mstari huo ndio unaokosekana.

Sentinel kwa mara ya pili

Turudi Marekani. Katika miezi hiyo hiyo ya mwisho wa 2010, FBI iliamua kuuchukua mradi wa Sentinel mikononi mwake na kupunguza sana idadi ya watumishi wa mkandarasi. Kazi ilivunjwa vipande vidogo, kila kimoja kikieleza jambo ambalo mtumiaji ataweza kulifanya, na timu ikafanya kazi kwa mizunguko ya wiki mbili mbili. Mwisho wa kila mzunguko, kilichokamilika kilionyeshwa mbele ya wadau. Chanzo cha data kilikuwa kimehama kutoka kwa mhasibu hadi kwenye skrini.

Simulizi hii hupenda kuelezwa kama hadithi ya ushindi, lakini sehemu yake yenye funzo zaidi ni ile inayorukwa. Vipande vilikamilika kimoja baada ya kingine, na mradi ulitarajiwa kwisha Septemba 2011. Oktoba mwaka huo mfumo ukajaribiwa na mamia ya watumiaji kwa pamoja, ukaelemewa. Mitambo haikuweza kuubeba mzigo. Kila kipande peke yake kilikuwa kizima, ila jumla yake haikuwa tayari kwa kazi ya kweli. Mfumo ulifunguliwa kwa watumishi wote Julai 2012.

Maana yake ni kwamba hata chanzo bora cha data ndani ya timu kina upeo. Kipande kilichothibitishwa na timu ni ushahidi wenye nguvu kuliko hundi iliyolipwa. Kipande kilichotumiwa na mpelelezi katika siku yake ya kawaida ya kazi ni ushahidi wenye nguvu kuliko vyote viwili. Kadiri namba inavyotoka karibu na mtu atakayeitegemea huduma, ndivyo inavyokuwa vigumu kuipamba.

Lumbesa ya pointi

Pointi nazo zina historia yake. Katika siku za mwanzo watu walikadiria kwa siku za kazi isiyo na usumbufu. Mameneja wakawa wanauliza kwa nini kazi ya siku tatu imechukua siku tisa. Ili kuepuka ugomvi huo, watendaji waliacha kusema siku, wakasema pointi. Kipimo kikabuniwa ili timu ijipangie kazi yake bila kusumbuliwa.

Muda si muda pointi zikapanda ngazi hadi ofisi za juu. Wakubwa walianza kulinganisha timu kwa pointi, na kudai zipande kila robo mwaka. Zikapanda kweli, kwa sababu kazi iliyokuwa na uzito wa tatu jana leo ilipewa tano. Mwaka 1975 mchumi wa Kiingereza Charles Goodhart aliona jambo la aina hii katika sera za fedha: uhusiano wa kitakwimu ukigeuzwa kuwa nyenzo ya kudhibitia watu, huanza kuvunjika. Ron Jeffries, mmoja wa wale 17 wa Snowbird, ameandika kwamba huenda yeye ndiye aliyebuni pointi, na kama ni hivyo, anajuta.

Mkulima wa kwetu halihitaji jina la Goodhart ili aelewe jambo hili. Anaijua lumbesa. Bei imetangazwa kwa gunia, lakini ukubwa wa gunia umo mikononi mwa mnunuzi, naye huongezea kilemba juu ya kilemba. Daftari litaonyesha gunia moja limeuzwa, na daftari halidanganyi. Kilichobadilika ni gunia. Pointi ni lumbesa iliyogeuzwa, maana ukubwa wa gunia sasa umo mikononi mwa muuzaji.

Chati zilipofika kwetu

Mwaka 2013 Serikali ya Tanzania ilizindua mpango wa Matokeo Makubwa Sasa, kwa kufuata mfano wa Malaysia. Mpango ulianza na sekta sita, na Ofisi ya Rais ikapata chombo maalumu cha kufuatilia utekelezaji. Haukuwa ajaili kwa jina, lakini ulikuwa na damu ile ile: malengo machache, muda mfupi, na ripoti za mara kwa mara za kuonyesha nani yuko mbele na nani amebaki nyuma. Kwa watumishi waliozoea ripoti ya mwaka inayotoka miezi sita baada ya mwaka kwisha, hilo lilikuwa badiliko la maana, na haki yake lipewe.

Tuangalie basi chanzo cha data katika elimu. Lengo lilikuwa kiwango cha ufaulu kifike asilimia 60 mwaka 2013, 70 mwaka 2014 na 80 mwaka 2015. Kipimo hicho kilichaguliwa wakati chenyewe kikiwa kinayumba. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012 yalikuwa yametangazwa mara ya kwanza kwa ufaulu wa asilimia 34.5, yakafutwa, yakapangwa upya, na ufaulu ukawa asilimia 43. Watahiniwa walikuwa wale wale na majibu yao yale yale. Kabla ya matokeo ya mwaka 2013, viwango vya alama vilibadilishwa, na ufaulu ukatangazwa kuwa asilimia 58. Wizara ilitoa maelezo yake, na si kazi ya makala haya kusoma nia za watu. Hoja ni nyepesi kuliko hiyo: gunia likibadilika kati ya mwaka na mwaka, mstari unaounganisha miaka hiyo miwili hausemi kitu kuhusu mahindi.

Wakati huo huo chanzo kingine kilikuwepo. Tangu mwaka 2010 mpango wa Uwezo ulikuwa ukiwafuata watoto majumbani, ukiwapa jaribio la kusoma na kuhesabu la kiwango cha darasa la pili. Anayepima hakuwa mwalimu wala wizara, na jaribio halikubadilika kwa sababu lengo la mwaka limekaribia. Picha yake haikupendeza, na ndiyo sababu ilifaa.

Sekta ya maji inatupa mfano mwingine. Kwa sera ya taifa ya mwaka 2002, kituo kimoja cha kuchotea maji kilitarajiwa kuhudumia watu 250. Ni kanuni nzuri ya kupangia ujenzi. Ikitumiwa kuripotia, mambo hugeuka: unajenga vituo kumi, unazidisha mara 250, na watu 2,500 wanaingia kwenye chati kama waliofikiwa na maji. Hakuna aliyewahesabu, na hakuna aliyefungua bomba. Pampu ikifa mwezi unaofuata, watu wale wanabaki ndani ya chati huku wamerudi mtoni na ndoo zao.

Maswali ya kumwuliza mchora chati

Kwa mwanafunzi anayeandika tasnifu, mwanaharakati anayesoma ripoti ya bajeti na mtumishi anayeandaa taarifa ya robo mwaka, historia hii inaacha maswali manne. Je, kinachohesabiwa ni kilichotumika au kilichokamilika? Nani ametamka kwamba kimekamilika, na je, atapandishwa cheo kwa kutamka hivyo? Kipimo kimebadilika lini, na je, data za zamani zimepimwa upya kwa kipimo kipya? Na mstari wa jumla ya kazi uko wapi, ili tuone ni nani aliyeongeza mzigo njiani?

Mtumishi mwaminifu ana sababu ya kuogopa maswali haya, kwa kuwa mara nyingi chati yenye chanzo cha kweli huonekana mbaya kuliko ya jirani yake. Afisa wa wilaya atakayeripoti vituo vinavyotoa maji leo atazidiwa na mwenzake anayeripoti vituo vilivyojengwa tangu mradi uanze, na kikaoni ndiye atakayesimamishwa ajieleze. Mzigo huo hatuwezi kumwachia yeye peke yake. Wanaosoma ripoti, yaani wabunge, madiwani, wanahabari na sisi wa vyuoni, tunapaswa kuacha kuishangilia chati kwa jinsi mstari wake unavyopanda. Tukianza kuuliza namba imetoka kwa nani, afisa yule atakuwa na mtu wa kumtetea.